Kuba Juu ya Cherehani

Mjomba alipoteza sauti siku ya Jumatatu, dukani kwa fundi cherehani, akigombea dari isiyo yake.

Aliingia mle na sauti ya kusikika mtaa wa pili, akatoka na mlio kama wa bawaba inayolilia mafuta. Mafua yalikuwa yamemwanza tangu asubuhi, ni kweli, lakini kilichomaliza kazi ni makelele. Mkewe alimchemshia maji, akatia asali, akamfunga skafu shingoni, halafu akaketi mbele yake kumtazama kwa raha.

"Tangu tuoane," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza namaliza sentensi."

Nilicheka, ila kidogo tu, kwa sababu nilijua kinachomuuma mjomba si koo.

Kazi yetu ni kutembeza wageni. Mji wetu ulikuwa makao ya makaizari, na kila mgeni anayeshuka kituoni anataka kuona kasri, lango kuu na ile bustani yenye chemchemi. Huko wako waongozaji wengine, wenye sare na vipaza sauti. Mjomba hampeleki mtu huko. Yeye huwaambia wageni wake, "Kasri mtaliona kwenye kadi za posta. Mimi nitawaonyesha kisogo cha Kaizari." Kisha anawaingiza vichochoroni. Anawaonyesha jiwe ambalo Kaizari alikuwa akilikanyaga apande farasi, na ambalo sasa kinyozi analitegeshea beseni lake la maji. Anawaonyesha bomba la moshi la jiko la kasri, limebaki limesimama peke yake nyuma ya gereji, limejaa njiwa. Anawapitisha kwenye mlango wa watumishi, uliojengwa mwembamba makusudi ili mtu asitoke na kitu cha maana kwapani. Ni vitu ambavyo sisi wenyeji tunavipita kila siku tukienda kununua mkate, wala hatugeuzi shingo.

Na mwisho wa yote, kuba.

Kuba iko ndani ya duka la fundi cherehani. Kwa nje utaona duka tu: mlango wa mbao, kioo chenye ufa, koti limetundikwa. Ila ukiingia ukainua kichwa, unakuta juu yako bakuli kubwa la matofali limefunikwa kichwa chini, limetobolewa matundu yenye umbo la nyota, na kila tundu linamwaga mwanga wake mpaka mezani. Hapo palikuwa hamamu ya Kaizari, chumba chake mwenyewe cha kuogea. Vyumba vingine vyote vilibomolewa zamani. Kimebaki hicho kimoja, na chini yake mtu anapinda suruali.

Wageni wakifika hapo hunyamaza. Hata wale waliolalamikia viatu njia nzima.

Sasa fundi alikuwa ameamua kuiziba. Chokaa ya zamani humdondokea kwenye nguo, unga unga mweupe, na wiki iliyotangulia ulikuwa umemwagikia koti jeusi la mteja saa hiyo hiyo mteja amekuja kulichukua. Yule mteja alimuuliza kama koti limeshonewa kwenye mashine ya kusaga. Basi fundi akamwita shemeji yake, seremala, aje Alhamisi mchana apige dari ya mbao kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ndiyo ile Jumatatu mjomba akaenda kumzuia, wakapandishiana sauti, na mwisho fundi akasema, "Njooni Alhamisi asubuhi na wageni wenu, muiage. Baada ya hapo mkatazame njiwa."

Lile neno la njiwa ndilo lililomchoma mjomba. Maana ni kweli. Bila kuba, matembezi yetu yangeishia nyuma ya gereji, na hakuna mgeni atakayerudi kwao amwambie mwenzake, nenda kule ukaone njiwa.

Mjomba alikuwa na mpango. Siku ya Alhamisi angesema mbele ya wageni maneno matamu kuliko yote aliyowahi kusema chini ya kuba ile, mpaka fundi mwenyewe aone haya kuiziba. Lakini Jumatano sauti haikurudi. Jioni, tukinywa chai, alinishika mkono, akajigusa koo, akaninyooshea kidole.

"Mimi?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mjomba, mimi ni wa nyuma."

Mkewe akaweka kikombe chini. "Mwacheni mtoto wa watu. Atafia njiani kwa haya."

Mjomba akafungua mdomo kumjibu, ukatoka upepo mtupu.

Nieleze hapa maana ya kuwa wa nyuma. Mjomba hutembea kinyumenyume. Anawatazama wageni usoni, anaongea, huku visigino vyake vikijitafutia njia, na tangu nianze naye sijamwona akijikwaa zaidi ya mara chache. Mimi hukaa mkiani, nyuma ya mgeni wa mwisho, na mwavuli mweusi. Mwavuli ni wa mvua na jua, lakini kazi yake hasa ni kuzungumza na mjomba, kwa sababu mimi naona asichokiona yeye. Nikiusimamisha wima, kuna mkokoteni au gari mgongoni kwake. Nikiulaza, kuna ngazi. Nikiufungua, maana yake amezidisha maneno na watu wamechoka. Huo wa mwisho mara nyingi hujifanya hauoni.

Kazi yangu ya pili ni milango. Kila tukifika mlangoni nasimama kando, wote wanapita, nahakikisha hakuna aliyebaki nyuma akifunga kamba za kiatu, ndipo na mimi naingia. Kwa hiyo watu nawajua kwa migongo. Nikikutana na mgeni sokoni siku ya pili simtambui mpaka anipite.

Alhamisi ikafika. Migongo yote ikageuka ikawa nyuso.

Hawakuwa wengi. Kulikuwa na mume na mke wageni kabisa kwenye ndoa, walioshikana mikono kama waliounganishwa kwa gundi. Kulikuwa na bwana mmoja mrefu aliyeuliza "kwa nini" kabla sijamaliza kusalimia. Huyo nilimwita Bwana Kwa Nini hapo hapo, moyoni. Na kulikuwa na bibi mwenye mkongojo, amevaa koti zuri la zamani, amekuja na binti yake ambaye kila mara alimwambia, "Mama, angalia unapokanyaga," na bibi kila mara alimjibu, "Naangalia tangu hujazaliwa."

Mjomba alisimama mkiani, skafu shingoni, mwavuli wangu mkononi. Akaniinulia kidole gumba.

Nilianza vizuri. Nilisema lile la kisogo cha Kaizari, wakacheka, nikajiona mwongozaji. Nikasema, kama mjomba anaweza, na mimi naweza, nikaanza kutembea kinyumenyume. Nikauona mwavuli umelazwa. Kwa muda wote niliofanya kazi hii, mwavuli nimeushika mimi, sijawahi kuusoma. Nikaendelea. Kisigino kikagonga jiwe la Kaizari, nikakaa kitako moja kwa moja kwenye kiti cha kinyozi, ambaye alikuwa amekitoa nje kukipanguza.

Kinyozi hakushtuka hata kidogo. Alikunguta taulo. "Dada, tupunguze au tunyoe zote?"

Wageni walicheka mpaka Bwana Kwa Nini akasahau kuuliza. Nikaona heri, jiwe lenyewe nimewaonyesha kwa mwili wangu. Kuanzia hapo nilitembea kama watu wengine, uso mbele.

Lakini kosa kubwa lilikuja kwenye mlango wa watumishi. Nilieleza habari za wembamba wake, wakafurahi, maharusi wakajaribu kupita bila kuachiana mikono wakakwama. Kisha nikafanya nilichozoea. Nikasimama kando. Nikawapisha. Wakapita mmoja mmoja, bibi wa mkongojo, binti yake, Bwana Kwa Nini, na mimi bado nimesimama pale, namtazama mjomba, mjomba ananitazama mimi. Yeye ni wa nyuma, anangoja nipite. Mimi ni wa nyuma, nangoja apite. Tumebaki wawili upande huu, na matembezi yamekwenda zake yenyewe.

Mjomba akaanza kunipunga kwa mwavuli kama anayefukuza mbuzi. Nikakimbia. Nikawakuta wageni kwenye ua wa dobi, wamesimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa, wanayatazama kwa heshima, wakisubiri waambiwe yalikuwa ya Kaizari yupi.

"Leo mmekuja kufua au kufuliwa?" mama dobi akawauliza.

"Samahani, mama," nikasema.

"Usiombe samahani, mwanangu. Huyu bwana mrefu amenisifia kamba zangu. Mume wangu hajawahi."

Basi tukaenda hivyo, tukacheka, tukaona bomba la moshi na njiwa wake, na kadiri tulivyokaribia dukani kicheko changu kikawa kinapungua. Maneno ya mjomba ya pale chini ya kuba nilikuwa nayo yote kichwani, nimeyasikia mara nyingi mno. Huanza hivi: "Msijali fujo za humu ndani, tazameni juu!" Halafu anakuja na Kaizari aliyelala chali majini akitaka aone nyota hata mchana, ndiyo maana matundu yakachongwa hivi. Nilikuwa nimepanga niyaseme kama yalivyo, kisha nimgeukie fundi nimwombe mbele ya watu wote.

Ila kuna jambo la wa nyuma. Wakati wote wanatazama juu, mimi hubaki natazama chini, kwa sababu nahesabu watu. Na kwa muda mrefu nimemwona fundi. Mjomba akisema "fujo", fundi husimamisha mguu kwenye pedeli. Hashoni tena mpaka tutoke. Husikiliza yote, midomo ikimfuata mjomba kimya kimya kama mtu anayesali na wenzake, na likifika lile la nyota, hutikisa kichwa kidogo, mara moja. Kisha wageni hushusha shingo, hutoka, na hakuna aliyemwambia habari za asubuhi. Sikuwahi kulisema hili kwa mjomba. Niliona si langu.

Tukafika. Mlango ulikuwa wazi. Mbao za dari zilikuwa zimeshaegemezwa ukutani kwa nje, mpya, zinanukia.

Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikasimama kando nikawapisha.

Nilipotambua nilichofanya walikuwa wameshaingia wote. Mjomba alishika kichwa. Wageni walikuwa mle ndani peke yao na fundi, hakuna wa kuwaambia watazame juu. Kwa hiyo walitazama kilichokuwa mbele yao. Nilipojipenyeza, bibi wa mkongojo alikuwa anasema, "Habari za kazi, fundi."

Fundi alitutazama mimi na mjomba mlangoni, kama anayetafuta mtego uko wapi. "Nzuri, mama. Karibuni."

"Bitana ya koti langu imeachia hapa kwapani. Huyu binti yangu ananiambia ninunue jingine."

"Sikusema hivyo, mama."

"Ulisema kwa macho."

Fundi akacheka bila kutaka. Akasimama, akalipokea koti, akaligeuza ndani nje, akasugua kitambaa kwa vidole. "Hili si la kutupa. Koti kama hili sasa hivi hulipati." Akafungua droo, akatoa rili mbili za uzi. "Sasa hapa ndipo watu wanapokosea. Hii nyeusi, hii ya buluu iliyokoza. Chini ya taa ni ndugu mapacha. Njoo hapa, mama. Njooni."

Akalipeleka koti upande wa pili wa meza ya kukatia, pale ambapo duara la mwanga lilikuwa limetua juu ya mbao. Akalaza nyuzi mbili juu ya kitambaa. Kwenye mwanga ule hata mimi niliyekuwa mlangoni niliona: mmoja ulikuwa mweusi, mwingine ulikuwa na bahari ndani yake.

"Buluu," akasema yule bi harusi.

"Buluu," fundi akakubali. "Nuru ya hapa haidanganyi."

"Kwa nini?" akauliza Bwana Kwa Nini. "Inatoka wapi?"

Wakainua vichwa. Wote kwa pamoja, taratibu, wakiufuata mwanga kutoka mezani kwenda juu, mpaka kwenye tundu lake, na kutoka tundu lile mpaka kwenye kuba nzima. Nimeona watu wengi wakiiona kuba ile. Sijawahi kuona watu wakiigundua.

Hapo ndipo mahali pangu pa kusema. Mjomba alikuwa ameshaanza kunipungia mwavuli, kwanza polepole, kisha juu chini, juu chini, akiumba maneno kwa mdomo: sema! Nyota! Sema!

Nilifungua mdomo. Na kwa mazoea yangu ya kutazama chini, nikamwona fundi. Uzi wa buluu ulikuwa bado mkononi mwake, na alikuwa amevuta pumzi. Alikuwa ameivuta na hakuitoa, kama mtu aliyefika mlangoni akasikia ndani kuna wenye nyumba wanaongea.

Nikafunga mdomo. Nikasimama kando.

Nilisikia njiwa. Nilimsikia mjomba akihema kwa hasira. Nilijua nikikosea hapa, kazi imekwisha, mbao zile zinapanda mchana. Lakini kungoja ni kitu ninachokijua.

"Mwambie mjomba wako autulize huo mwavuli," fundi akasema mwishowe, "leo hakunyeshi." Kisha akawageukia wageni. "Hilo duara la mwanga mnaloliona linaanza hapa mezani asubuhi. Baadaye linakwenda kwenye cherehani, ndipo natunga sindano; bila miwani, natunga. Likigusa pale kwenye pasi, najua mke wangu yuko njiani na chakula. Saa ya ukutani sina. Ya nini?"

"Matundu yalitobolewa kwa ajili ya nini?" akauliza Bwana Kwa Nini, na safari hii nilimpenda.

"Ah. Mzee pale mlangoni husema Kaizari alitaka nyota. Mimi sikatai, mtu mkubwa hakosi kutaka nyota. Lakini mvuke nao ulitaka pa kutokea. Na hayakuwa wazi hivi." Akafungua kopo la bobini, akachakura, akatoa kipande cha kioo kinene cha kijani, ukubwa wa kifungo cha koti. "Hiki nilikikuta kwenye ufa, nikipangusa. Yote yalikuwa na vioo."

Akakiinua kwenye mwanga. Tone la kijani likatua kwenye shavu la bibi wa mkongojo. Binti yake akasema "Mama!" kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia asubuhi yote, na bibi akasimama tuli ili lisimwondoke.

Nilimtazama mjomba. Mwavuli ulikuwa umeshuka. Alikuwa amekitolea macho kile kioo kama mtu ambaye ameishi na mke miaka mingi, leo ndiyo anamsikia akiimba.

Seremala alitukuta bado tuko mle ndani, koti likishonwa, wageni wamekaa hadi kwenye marobota ya vitambaa. Aliingia na ngazi begani.

"Haya shemeji, tunaanzia wapi?"

"Tunaanzia kule kwenye rafu," fundi akasema bila kuinua macho kwenye sindano, "na tunaishia kwenye rafu."

"Ulisema ukuta hadi ukuta."

"Nilisema?"

"Ulisema. Tena ulipiga meza."

"Basi nilikuwa naongea na huyu mzee, si na wewe. Nguo zilizokwisha nitazitundika huko chini ya mbao. Hapa katikati usiguse. Nitashona pazia la kuvuta, chokaa ikidondoka idondokee pazia."

"Na mbao zilizobaki?"

"Nitengenezee benchi. Huoni watu wamekalia majora yangu?"

Mjomba akaingia sasa, polepole. Akamfikia fundi, akafungua mdomo, akatoa kile kimlio chake cha bawaba. Fundi akainua mkono kumzuia.

"Usijisumbue, jirani. Tangu tujuane, sijawahi kukuelewa vizuri kama leo."

Wakacheka wote wawili, mmoja kwa sauti, mwingine kwa mabega. Mjomba aliokota ufagio pembeni akaanza kufagia chokaa chini ya meza, na hakuna aliyemwambia aache.

Sauti yake ilirudi baada ya siku kadhaa. Mkewe alisema alijua tu raha haidumu. Mimi nilirudi nyuma na mwavuli wangu, ingawa siku hizi mlango wa watumishi ni wangu kuueleza, na njiwa pia, kwa sababu mjomba anasema njiwa hawaelewani naye. Lile neno "fujo" amelitupa. Tukifika dukani yeye hubisha hodi tu, anawasalimisha wageni kwa fundi, kisha anakwenda kukaa kwenye benchi, mikono magotini, kama mgeni aliyelipia.

Fundi naye amebadilika. Hapandishi hata pumzi mpaka aulize, "Aliye nyuma ameingia?" Nikiingia, anaacha pedeli, anavuta pazia, anaanza. Anaanzia kwenye uzi, anakwenda kwenye saa, anafika kwenye mvuke, anarudi kwenye uzi, na kila wiki hadithi inaota tawi jipya. Wageni wengine huanza kuhamisha uzito mguu hadi mguu. Mjomba hunitazama kutoka kwenye benchi, ananikonyeza kuelekea kwenye mwavuli.

Kidole changu huwa kiko kwenye kitufe cha kuufungua. Bado sijakibonyeza.